Boksi la Bob Marley la santuri 12 kwa 1,900,000: nilichukue au ninunue albamu moja moja?

MtotoWaNgamiani (Tanga)

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa santuri. Kuna jamaa Dar anauza boksi la Bob Marley & The Wailers, The Complete Island Recordings, lile toleo la wakusanyaji la 2015, mwaka ambao Bob angetimiza miaka 70. Ndani mna albamu 11 kwenye santuri 12, kwa sababu Babylon by Bus ni santuri mbili. Zinaanzia Catch a Fire ya 1973 hadi Confrontation ya 1983, iliyotoka mwenyewe akiwa ameshafariki. Kasha ni la chuma na linafunguka kama kiberiti cha gesi, wameiga jalada la kwanza kabisa la Catch a Fire. Jamaa alilinunua akiishi Ujerumani. Anataka 1,900,000. Anasema bei inaongeleka, ila si sana.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Hela ninayo, nimeidunduliza kwenye masomo ya jioni, na mama watoto anajua na ameridhia. Bob nilimjua kwa kaseti ya Survival ya kaka yangu. Jalada la kaseti ni dogo, zile bendera za nchi za Afrika zilikuwa vidoa vya rangi tu. Nilipoliona jalada la santuri kwa mara ya kwanza kwenye nyumba ya rafiki, nikaweza kuitafuta bendera moja baada ya nyingine, na nyuma ya jina la albamu nikauona ule mchoro wa meli ya watumwa, watu wamelazwa kama magogo. Nilikaa nalo muda mrefu kuliko nilivyokaa na muziki. Tangu siku hiyo nataka santuri, si faili za kwenye simu.

Muuzaji ananiambia nifanye haraka, maana "hizi zikiisha zimeisha, hazitengenezwi tena". Ananipa mpaka mwisho wa mwezi. Kwangu napigia gramofoni ya Philips ya marehemu baba mdogo, bado inaimba vizuri.

Je, bei hiyo ni ya haki? Na ni kweli kwamba nikiliacha hili sitapata tena?

Naomba kuwasilisha.

Kibo_Kaskazini

Mwalimu, nyimbo zote hizo zinapatikana kwenye simu kwa bando. 1,900,000 ni bati za kuezekea vyumba viwili na chenji inabaki. Ni mawazo yangu tu, moyo wako unaujua mwenyewe.

SindanoYaAlmasi (Dar es Salaam)

Mwalimu, salaam. Mimi ni fundi wa gramofoni na amplifaya, kibanda changu kipo Ilala. Maboksi ya namna hii hunipitia mikononi kwa sababu wanunuzi wanataka yapigwe kwanza kabla ya kutoa hela. Nitakujibu kwa urefu.

Naanza na Philips ya baba mdogo, maana hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko bei. Gramofoni nyingi za enzi hizo zina kichwa (kile kinachoshika sindano) cha seramiki, na mkono wake huikandamiza santuri kwa gramu 4, 5, hata 6. Vichwa vya sumaku vinavyotumika siku hizi hukandamiza kwa gramu 2 hivi au pungufu. Halafu nyingi zilitoka kiwandani na sindano ya yakuti, ambayo huisha baada ya makumi ya saa za kupigwa, wakati ya almasi hudumu mamia ya saa. Na sindano iliyokwisha haikuambii kwamba imekwisha. Inaendelea kuimba huku inachimba kuta za mfereji, na vinavyochimbwa kwanza ni vile vya juu na vyembamba: matoazi ya mpiga ngoma Carlton Barrett, pumzi za I-Threes, wale waitikiaji wa kike wa Bob, mwishoni mwa maneno. Vikishaondoka havirudi, hata ukija kununua mashine ya mamilioni. Kwa hiyo kabla hujaamua lolote, fungua kile kichwa, kipige picha kwa karibu, unitumie.

Sasa boksi. Swali langu kwa kila mtu anayeniletea boksi ni hili: mna nini humo ambacho hakipo mahali pengine? Kwa upande wa muziki, hili lako halina. Ni albamu 11 za kampuni ya Island kama zilivyotoka. Smile Jamaica haimo. Punky Reggae Party ya studio haimo, utaisikia ile ya jukwaani tu kwenye Babylon by Bus. Ile Catch a Fire ya awali, kama ilivyorekodiwa Jamaika kabla Chris Blackwell, mwenye Island, hajaiongezea gitaa la Wayne Perkins na kinanda cha Rabbit Bundrick kule London, nayo haimo. Hiyo ilitoka 2001 kwenye toleo la CD mbili, na kwangu mimi ni hazina kubwa kuliko kasha lolote la chuma, kwa sababu unawasikia Wailers watupu, besi na ngoma zimeachiwa nafasi yote.

Kuhusu "zikiisha zimeisha", nikueleze yaliyolipata boksi jingine la Bob. Mwaka 1992 lilitoka Songs of Freedom: CD nne, nyimbo 78. Linaanza na Judge Not ya 1962, Bob akiwa kijana mdogo kabisa, na linaishia na Redemption Song aliyoiimba Pittsburgh tarehe 23 Septemba 1980, kwenye onyesho la mwisho la maisha yake. Lilitangazwa kuwa ni toleo maalumu la nakala milioni moja kwa dunia nzima. Milioni moja, mwalimu. Lakini lilikuwa na sababu ya kununuliwa, maana Iron Lion Zion na High Tide or Low Tide zilitoka mle kwa mara ya kwanza, na nyimbo za miaka ya kabla ya Island zilikuwa zimetawanyika kila mahali.

Tazama kilichofuata. Iron Lion Zion ikawekwa kwenye mkusanyo wa Natural Mystic mwaka 1995. Boksi lenyewe likarudi 1999 kwa umbo dogo zaidi. High Tide or Low Tide ikaingia kwenye ile Catch a Fire ya 2001. Mwaka 2011 onyesho la Pittsburgh likatoka kwa jina la Live Forever. Mwaka 2021 jina la Songs of Freedom likarudi tena kwenye CD tatu au santuri sita, safari hii nyimbo za Island peke yake. Na hizi albamu 11 unazozitaka, pamoja na ule mkusanyo wa Legend, mwaka 2020 zilikatwa upya Abbey Road na Miles Showell kwa njia ya nusu mwendo. Maana yake, muziki na mashine ya kukatia vyote huendeshwa kwa nusu ya kasi ya kawaida, ili kile kisu cha kukatia kipate muda wa kuchora sauti za juu bila kukimbizwa. Ukija kuipiga kwa mwendo wake, kila kitu kinarudi mahali pake. Nimezisikiliza. Exodus ya namna hiyo ina nafasi kubwa kati ya ala na ala, hasa upande wa kwanza.

Kwa hiyo muuzaji anasema kweli nusu. Kasha lile la chuma ni kweli halitengenezwi. Muziki uliomo haujakoma kutengenezwa na sidhani kama utakoma, maana wanaoupenda wanazaliwa kila siku.

Kilichobaki ni hesabu. 1,900,000 kwa albamu 11 ni kama 173,000 kwa albamu moja. Unalipia kasha. Na wewe upo Tanga, hatua chache kutoka baharini. Hewa ya chumvi na chuma havipatani, nimeona vifuniko vya amplifaya vya Pangani na Bagamoyo vilivyoliwa hadi vikatoboka. Ukilichukua, usiliweke dirishani wala kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, na santuri zisimame wima, zisilazwe moja juu ya nyingine.

Mimi nisingetoa zaidi ya 1,300,000, na hiyo ni baada ya kuzipiga zote 12.

BintiKizingo (Mombasa)

Hamjambo nyote. Fundi nimemsoma na mengi nakubaliana naye, lakini jambo moja nalikataa, pale anapopima boksi kwa nyimbo peke yake.

Marehemu kaka yangu alikuwa baharia. Mwanzo wa miaka ya tisini alirudi na hilo Songs of Freedom la kwanza, lile refu lenye kitabu ndani. CD moja siku hizi inarukaruka, hatuipigi. Lakini kitabu kile kimesomwa nyumbani kwetu na kila mtoto aliyejua kusoma. Wanangu wamejifunza humo nani alipiga besi na wimbo gani ulirekodiwa mwaka gani. Wimbo ukiusikiliza kwa simu, hujui hata nani alipiga ngoma. Binti yangu mkubwa leo anapiga besi kanisani kwa rafiki yake na kwenye harusi, na jina la kwanza la mpiga besi alilolijua ni Aston Barrett, kwa sababu ya kile kitabu. Kitu kikiwa kizima, kimekusanywa mahali pamoja, kina mwanzo na mwisho, huwa kinawavuta watu waje wakae nacho. Hilo pia lina thamani yake, nawe mwalimu umelisema mwenyewe ulipotaja bendera.

Lakini kuna jambo linaniuma zaidi. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari hapa kwetu Mombasa, Januari 1979. Mamangu akiusikia wimbo wake mpaka leo huacha anachofanya. Bob ana maboksi ya chuma, ya karatasi ngumu, ya nusu mwendo na ya mwendo mzima. Mbaraka je? Tuna zile santuri za Ukumbusho zilizotolewa na Polygram Nairobi, nazo zinatafutwa na Wazungu na Wajapani kuliko sisi. Kila nikienda Nairobi hupita Kenyatta Market kwenye kibanda cha santuri na kuulizia, na bei inapanda. Basi mwalimu, hizo 1,900,000 usizimalize zote kwa Bob. Tenga sehemu ya Morogoro Jazz na Super Volcano, bendi za Mbaraka, maana hizo ndizo zikiisha zimeisha kwelikweli. Hakuna studio ya Abbey Road itakayozikata upya tusipoonyesha kwamba tunazitaka.

MsafiriWaPangani (Leicester, Uingereza)

Salaam ndugu zangu. Mimi ni wa Pangani, nipo huku muda mrefu na Jumamosi zangu huishia kwenye maduka ya santuri. Naongezea upande wa biashara yenyewe, maana nimeona maboksi mengi yakija na kupita.

Yapo maboksi ya aina mbili, na yote hubandikwa karatasi ileile ya "toleo maalumu". La kwanza ni lile ambalo kweli halirudi. Mfano ni The Cutting Edge la Bob Dylan la mwaka 2015, rekodi za studio za 1965 na 1966. Lilitoka kwa saizi tatu: CD 2, CD 6 na CD 18. Lile la CD 18 lilikuwa na rekodi 379, kila jaribio na kila wimbo ulioanzwa ukaachwa njiani, nakala 5,000 tu, bei kama dola 600. Ukilikosa, CD 6 hazikupi vyote. Mwenye kiu ya kusikia wimbo unavyozaliwa, tangu unapotafutwa mpaka unapokamatika, hilo lilimstahili.

La pili ni lile linalovunjwa baadaye. Pink Floyd walitoa The Early Years mwaka 2016, diski 27, bei ya kutisha. Mwaka uliofuata wakalikata vipande sita vikauzwa kimoja kimoja, kipande cha saba tu ndicho kikabaki kuwa cha wenye boksi zima. Aliyesubiri alichagua miaka aliyoipenda na kuacha mingine.

Kuna na sababu ambayo wengi hawaijui. Ulaya mwaka 2011 walibadilisha sheria ya haki za rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini rekodi ambayo haijawahi kutolewa ndani ya miaka 50 ya kwanza haipati hiyo nyongeza. Ndiyo maana mwisho wa 2012 Sony waliingiza sokoni Ulaya nakala kama 100 tu za rekodi za Dylan za 1962 ambazo hazikuwahi kutoka. Walitaka haki isiwaponyoke. Watu walizigombania kwa mamia ya pauni. Kwa hiyo uchache wa nakala peke yake hauelezi kama kitu kimetengenezwa kwa ajili ya msikilizaji.

La mwalimu ni la aina ya pili, na albamu zake zimo dukani huku hadi leo. Hapa kwetu albamu moja ya Bob mpya ni pauni 25 hivi, Babylon by Bus inazidi kidogo. Zote 11 hazifiki pauni 300, karibu nusu ya bei ya jamaa. Tatizo ni usafiri. Santuri hizi ni za gramu 180 kila moja, kwa hiyo 12 ni kilo 2 na zaidi kabla hujaweka majalada na kifungashio. Kwa posta ni gharama, na ukifika forodha unalipa ushuru, halafu VAT ya asilimia 18 inahesabiwa juu ya bei, usafiri na ushuru vyote kwa pamoja. Ila mimi nakuja Desemba na begi langu lina nafasi. Santuri nne tano hazinishindi.

MtotoWaNgamiani (Tanga)

Wakuu, nawashukuru sana, nimesoma kila neno mara mbili na mama watoto amesoma pia.

Fundi, nimekutumia picha za kichwa. Kimeandikwa namba ndogo sana, nimetumia kioo cha kukuzia cha maabara ya shule. Dada BintiKizingo, umenigusa kwa Mbaraka. Baba mdogo aliyeniachia gramofoni alikuwa na santuri ndogo za Super Volcano, zipo kwenye sanduku la bati kwa shangazi. Nitakwenda kuzitazama wiki hii.

Nimeongea na muuzaji. Amekubali boksi lipelekwe Ilala likaguliwe, na ameshuka hadi 1,500,000. Fundi, utaangalia nini? Nataka kujua ili nami nijifunze.

SindanoYaAlmasi (Dar es Salaam)

Picha nimezipata. Kichwa ni cha seramiki kama nilivyodhani, na ncha imechakaa upande mmoja. Acha kuitumia kwa santuri yoyote unayoipenda, na hizo za Super Volcano zisiguswe kabisa na sindano hiyo.

Kwenye boksi nitaanza na kupinda. Naiweka santuri kwenye meza ya gramofoni, inazunguka, natazama ukingo kwa usawa wa jicho. Ikipanda na kushuka kidogo si neno. Mkono ukianza kuruka, hiyo nayo inarudi kwa mwenyewe. Dar na Tanga joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani linatosha kuipinda santuri ndani ya saa moja, kwa hiyo nitamuuliza alilisafirishaje. Pili, naangalia tundu la katikati. Likiwa na mikwaruzo mingi kuzunguka lebo, imepigwa sana. Tatu, napiga wimbo wa mwisho wa kila upande, kwa sababu karibu na katikati mfereji unazunguka duara dogo, na sindano mbovu huharibu pale kwanza. Kwenye Uprising hapo ndipo ilipo Redemption Song, gitaa na sauti tu, mkwaruzo wowote utausikia. Nne, naangalia bawaba za kasha kama zimeanza kutu. Na majalada nitayanusa, maana ukungu unaanza na harufu kabla hujauona.

Yote yakiwa safi, 1,500,000 bado ni juu kwa maoni yangu. BintiKizingo amesema la maana kuhusu kitu kizima, silipingi. Lakini kwa mtu anayeanza, mwenye sindano iliyokwisha, hela hiyo ina kazi ya kwanza ya kufanya.

MtotoWaNgamiani (Tanga)

Nimempa jamaa 1,300,000 mkononi, amekataa, na kuna mnunuzi mwingine anakuja kutoka Arusha. Nimemtakia heri.

Msafiri, kama begi bado lina nafasi naomba Natty Dread, Exodus, Survival na Uprising. Zikiwa zile za nusu mwendo nitafurahi zaidi. Hela nitamkabidhi ndugu yako yeyote huko Pangani, nielekeze tu. Na fundi, niambie ukweli: nibadilishe kichwa cha Philips niweke cha sumaku, au nitafute mashine nyingine?

SindanoYaAlmasi (Dar es Salaam)

Tafuta nyingine. Mkono wa Philips hiyo hauna uzani wa kurekebisha, hutaweza kuushusha hadi gramu 2. Tena kichwa cha sumaku hutoa umeme kidogo mno, milivolti chache tu, kinahitaji kikuza sauti chake kabla ya amplifaya, na yako haina tundu la hicho kitu. Ninayo Technics moja nimeitengeneza, mota na mkono ni vizima, inasubiri sindano mpya ya almasi. Pamoja na kikuza sauti haitazidi nusu ya zile 1,300,000. Ya baba mdogo usiitupe, ilete nayo, nitaibadilishia sindano na mkanda uwe unapigia zile santuri zilizokwisha kuchubuka.

BintiKizingo (Mombasa)

Mwalimu, ukifungua lile sanduku la shangazi, tuandikie majina na namba zilizo kwenye lebo kabla hujazipangusa. Usitumie maji ya bomba wala spiriti. Zipo lebo za wakati ule ambazo wino wake unatoka na kitambaa.

MtotoWaNgamiani (Tanga)

Nakwenda kwa shangazi Alhamisi baada ya vipindi. Nitaandika hapa namba zote, na picha.